Watu wanne katika chumba kimoja cha meli ya kitalii: mizigo, nguo na dawa huwekwa wapi?

MamaPacha

Ndugu wasafiri, salaam kwenu. Familia yangu inajiandaa kwa safari ya wiki mbili katika meli ya kitalii, na kadiri siku zinavyokaribia ndivyo mchoro wa chumba chetu unavyozidi kunitia wasiwasi. Tutakuwa wanne katika chumba cha ndani, kisicho na dirisha: mimi, mume wangu na pacha wetu wa miaka saba, ambao watalala kwenye vitanda viwili vinavyoshushwa kutoka juu. Mama yangu mzazi atakuwa peke yake katika chumba kingine cha sitaha hiyohiyo, kilichotengwa kwa ajili ya watu wanaotumia viti vya magurudumu, kwa kuwa miguu yake haimruhusu kwenda mwendo mrefu.

Maelezo ya kampuni yanasema chumba chetu kina mita za mraba 15, bafu likiwa limehesabiwa humo. Picha zao hazinisaidii, kwa sababu zimepigwa vitanda vya juu vikiwa vimefungwa, na sakafuni hakuna begi hata moja. Ninaomba wenye uzoefu wanieleze masanduku matupu yanakaa wapi tukishapanga nguo, kama kabati moja linaweza kubeba nguo za watu wanne zikiwemo suti na magauni ya usiku wa chakula rasmi, na kama bafu lina mahali pa kuweka chupa na miswaki yetu sote pasipo kurundikana.

Nina maswali mengine mawili yanayonisumbua zaidi. Tuna simu, tableti za watoto, na mashine ambayo mama huivaa usiku ili imsaidie kupumua akiwa usingizini, na nimesikia kwamba ekstensheni huchukuliwa na wakaguzi bandarini. Je, ni kweli, na kama ni kweli tutachaji vipi? Pia mama anatumia insulini, nami sijui kama friji ya chumbani inafaa kuihifadhi.

MhudumuMstaafu

Mama Pacha, salaam. Nimehudumia vyumba vya abiria kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na vyumba vya ndani vya watu wanne ndivyo ninavyovifahamu kuliko vyote. Maswali ya umeme na insulini nitawaachia wenye fani hizo.

Mita za mraba 15 ni kipimo cha kawaida kabisa. Vyumba vya ndani katika meli nyingi kubwa za siku hizi huwa kati ya mita 13 na 17, na watu wanne hukaa humo bila kugombana, ilimradi wajue mapema ni milango gani ya kabati na droo zipi zitazibwa pale vitanda vya juu vitakaposhushwa. Hilo ndilo picha za kampuni haziwezi kukuonyesha. Kitanda cha juu kinaposhushwa hufuatana na ngazi, na ngazi hiyo mara nyingi husimama mbele ya kabati au mbele ya meza yenye droo. Kwa hiyo nguo za kulalia za kila mtu, dawa za usiku na chochote kitakachohitajika kabla ya asubuhi vitolewe mahali hapo kabla mhudumu hajaja kutandika jioni. Familia zilizozingatia jambo hili dogo zilikuwa na usiku wa amani. Zile zilizolipuuza zilikuwa zikihamisha ngazi gizani huku watoto wakiwa juu, na hiyo ni hatari.

Kuhusu masanduku: yanakaa chini ya vitanda. Kitanda chenu kikubwa kwa kweli ni vitanda viwili vilivyounganishwa, na chini yake kuna nafasi kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu shuka za kitanda hushuka na kuificha. Sanduku la kawaida likilazwa ubavu wake mpana huingia katika vitanda vya meli nyingi. Weka dogo ndani ya kubwa, na ndani ya lile dogo weka vitu ambavyo hamtavihitaji hadi mwisho wa safari, kama vile nguo nzito za uwanja wa ndege. Kama mna uhuru wa kuchagua masanduku, chukueni ya kitambaa. Sanduku la kitambaa hubonyea kidogo likikutana na mguu wa kitanda, ilhali lile gumu likizidi kwa sentimita mbili tu linabaki nje, na chumba chenu hakina kona ya kuliweka. Likikataa kabisa, mwambieni mhudumu. Wakati mwingine huinua godoro na fremu kwa upande mmoja, akalipitisha sehemu yenye uwazi mkubwa zaidi, kazi ambayo si vyema abiria aifanye mwenyewe.

Sasa kabati. Mara nyingi lina milango miwili au mitatu. Upande mmoja ni wa kutundika nguo ndefu, upande mwingine una reli fupi juu na rafu chini, na katika rafu mojawapo kuna sefu iliyofungwa kwa skrubu. Katika meli za zamani kidogo, rafu ya juu kabisa imechukuliwa na majaketi ya kujiokolea, manne kwa upande wenu. Katika meli nyingi mpya majaketi huhifadhiwa kwenye vituo vya kukusanyikia abiria wakati wa dharura, na rafu hiyo inabaki yenu. Mkiyakuta chumbani, tafadhali msiyasukume nyuma ya masanduku ili kupata nafasi. Lazima yafikike kwa mkono mmoja, taa zikiwa zimezimika. Watoto wenu watahitaji majaketi ya saizi yao, na mhudumu ndiye wa kuulizwa siku ileile ya kwanza.

Jambo ambalo abiria wengi hawalijui ni kwamba sehemu nzuri ya nafasi ya chumba imekwisha kujazwa na vitu vya meli yenyewe. Kuna chupa za kuuza ndani ya friji, trei ya glasi juu ya meza, ndoo ya barafu, vitabu vya matangazo, mito ya mapambo, majoho ya kuogea na blanketi za akiba. Mnaweza kuomba vyote msivyovitumia viondolewe, na ombi hilo halimuudhi mtu yeyote. Ni sehemu ya kazi yetu, na kwangu lilikuwa afadhali kuliko kukuta vitu hivyo vimepangwa sakafuni kila asubuhi. Katika maombi hayohayo ongezeni henga. Chumba cha watu wanne mara nyingi hukutwa na henga za watu wawili. Zikishafika, angalieni zile zitakazobaki tupu: bahari ikichafuka usiku, henga tupu hugongana kwenye reli kwa mlio mwembamba, tik, tik, tik, usiokoma hadi alfajiri. Zisukumeni pamoja upande mmoja na mzifunge kwa taulo ya mkono.

Bafu ni dogo, lakini limefikiriwa vizuri. Mabafu ya meli hutengenezwa karakanani yakiwa kamili, choo na sinki na vigae vikiwa tayari, kisha huingizwa melini kama sanduku zima, na ndiyo maana katika daraja moja la vyumba yanafanana hadi kwenye ndoano ya mlango. Mtakuta rafu ndogo za kona pande zote mbili za kioo, nafasi chini ya sinki, na aghalabu kamba nyembamba inayovutwa kutoka ukuta mmoja wa mahali pa kuogea hadi wa pili kwa ajili ya kuanikia nguo za kuogelea. Rafu hizo zina ukingo ulioinuka ili vitu visianguke meli inapoyumba, lakini ukingo huo hauwezi kuzuia chupa ndefu. Hamishieni sabuni na mafuta yenu kwenye chupa fupi, na chochote cha kioo kikae ndani ya mfuko wenye zipu uliotundikwa mlangoni kwa ndani.

FundiUmemeMelini

Ninachukua swali la umeme, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa mara nyingi linajibiwa kwa neno moja, "haziruhusiwi", bila mtu kuelezwa sababu.

Ni kweli kwamba ekstensheni zenye kikinga cha mshtuko wa umeme, yaani cha kuzuia ongezeko la ghafla la umeme, zile ambazo watu huzinunua kwa kuamini kwamba ni salama zaidi, huzuiwa karibu katika kila meli ya kitalii. Umeme wa nyumbani kwa kawaida una waya mmoja wenye moto na mwingine uliounganishwa na ardhi kule kwenye chanzo. Melini hali ni tofauti: katika mifumo mingi, hakuna waya kati ya hizo mbili uliofungwa kwenye bodi ya chuma ya meli, na zote mbili zinaweza kuwa na moto ukizilinganisha na bodi hiyo. Mfumo umebuniwa hivyo makusudi, ili hitilafu moja mahali popote isizime mitambo ya meli. Lakini vipande vilivyomo ndani ya kikinga cha mshtuko huziunganisha nyaya za umeme na waya wa ardhi, na swichi yake ya usalama kwa kawaida hukata waya mmoja tu. Ikitokea hitilafu sehemu nyingine ya meli, umeme unaweza kupita ndani ya kikinga hicho hata kama kimezimwa, kikapata joto kupita kiasi na kuwaka. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari ya usalama kuhusu vifaa hivi mwaka 2013, baada ya visa vya moto melini. Kwa hiyo wakaguzi wanapokichukua bandarini, na kwa kawaida hukurudishia mwishoni mwa safari, wanalinda maisha ya maelfu ya watu waliolala ndani ya chuma hicho.

Zipo kampuni zinazokataa ekstensheni za aina zote, hata zisizo na kikinga, nazo husema hivyo wazi katika orodha yao ya vitu visivyoruhusiwa. Isomeni orodha ya kampuni yenu neno kwa neno kabla ya kununua chochote. Pasi, birika la umeme, jiko dogo, mishumaa na mashine za mvuke za kunyoosha nguo huwa katika orodha hizo karibu bila tofauti.

Kinachokubalika katika meli nyingi, na kinachowatosha watu wanne, ni chaja moja ya USB yenye matundu manne au sita inayochomekwa kwenye soketi moja. Chumba cha meli iliyojengwa zamani kinaweza kuwa na soketi moja au mbili tu kwenye meza ya vipodozi, huku meli mpya zikiwa na soketi na matundu ya USB hata kando ya kitanda. Katika meza hiyo aghalabu mtakuta soketi za aina mbili: moja ya kimarekani yenye tundu mbili bapa, volti kati ya 110 na 120, na nyingine ya Ulaya bara yenye tundu mbili za duara, volti 220 au zaidi kidogo. Mkiwa na adapta rahisi isiyo na kikinga, zote mbili ni zenu. Soketi ya bafuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine za kunyolea haina nguvu ya kitu kingine. Msichomeke kikausha nywele hapo. Kikausha nywele cha meli, kama kipo, hukaa kwenye droo ya meza.

Kuhusu mashine ya kupumulia ya mama, wasilianeni na idara ya kampuni inayoshughulikia mahitaji maalumu wiki kadhaa kabla ya safari. Soketi inaweza kuwa mbali na kitanda, na meli nyingi huwa na waya wa kurefushia ulioidhinishwa na mafundi wao wenyewe, ambao huwekwa chumbani abiria akiuomba mapema. Waombeni vilevile maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa kwa mvuke, kwa ajili ya mashine hiyo, kama inayatumia.

Jambo la mwisho upande wangu: katika meli nyingi, kadi ya mlango huchomekwa kwenye kikasha kilicho karibu na mlango ndipo taa ziwake, na mkiichomoa ili mtoke, baadhi ya soketi huzimika. Chajini vifaa mkiwa mmelala au mkiwa chumbani, na hata kama mngeweza kuacha betri inachajiwa bila mtu, nisingewashauri.

NesiMsafiri

Friji ya chumbani isiaminiwe kwa insulini hadi ipimwe. Nyingi kati ya hizo ni masanduku ya kupozea vinywaji tu, hayana mtambo wa friji ya nyumbani, na joto lake hubadilika kila mlango unapofunguliwa. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selisiasi, na ikigandishwa hata mara moja hutupwa. Kalamu au chupa inayotumika sasa huweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, mradi joto lisizidi kiwango kilichoandikwa katika karatasi yake, ambacho hutofautiana kwa aina ya dawa.

Mama awe na kipimajoto kidogo, akiweke ndani ya friji jioni ya kwanza na kukisoma asubuhi. Kama kipimo hakiridhishi, mhudumu anaweza kuleta friji ya dawa, au kituo cha matibabu cha meli kikaitunza akiba na mama akabaki na ile anayoitumia. Aombe pia chombo kigumu cha kutupia sindano. Zisitupwe kamwe katika kapu la takataka ambalo mtu atalimwaga kwa mikono. Na dawa zote zisafiri katika mkoba wa mkononi. Masanduku makubwa hukabidhiwa kwa wapagazi gatini na huweza kufika mlangoni pa chumba saa nyingi baadaye, hata jioni.

MwenzaWaSafari

Mke wangu anatumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo ninaongeza machache kuhusu chumba cha mama. Mlango wa chumba cha kawaida una upana wa takriban sentimita 60 tu, na viti vingi havipiti. Mlango wa vyumba vilivyotengwa huwa na takriban sentimita 80, bafu halina kizingiti kile kilichoinuka, na reli ya kabati huwa chini au huvutwa kwa mpini ili mtu aliyeketi aifikie. Hakikisheni kampuni imekiandika chumba chake hivyo katika uthibitisho wa nafasi, kwa sababu kuna vyumba vinavyofaa kwa mtu anayetumia kiti nje tu ya chumba, na vingine vinavyofaa kwa anayekitumia muda wote.

Kiti chenyewe lazima kikae ndani. Hakiruhusiwi kuachwa kwenye ujia hata kwa dakika chache, kwa kuwa ujia ndiyo njia ya kutokea wakati wa moto au moshi, ambapo hata mtu mwenye macho mazima atakuwa akipapasa ukuta. Hii ndiyo sababu chumba hicho kina sakafu pana, na ndiyo sababu ninawasihi msiifanye sakafu hiyo kuwa ghala la familia. Ninajua kishawishi kilivyo. Chumba cha mama kitaonekana kikubwa, chenu kitaonekana kidogo, na siku ya pili masanduku mawili yatakuwa yamehamia kwake "kwa muda". Kiti kinahitaji mzunguko wa karibu mita moja na nusu ili kigeuke, na sanduku moja lililosimama kati ya kitanda na bafu linatosha kumfanya mtu mzima amngoje mwanawe aje kumsogezea njia usiku wa manane. Hilo linaumiza heshima yake kuliko linavyoumiza mguu.

PwaniHadiPwani

Niongeze jambo ambalo halijatajwa: kuta. Kuta za vyumba vya meli nyingi ni mabamba ya chuma yaliyofunikwa kwa karatasi ngumu ya rangi, yenye pamba ya mawe katikati ili kuzuia moto, na kwa hiyo sumaku hushika. Kulabu chache za sumaku zenye nguvu hugeuza ukuta mzima kuwa mahali pa kutundikia: kofia, mikoba ya ufukweni, kadi za milango, ratiba ya siku, makoti mepesi. Chukueni zile zenye kitako kilichofunikwa kwa mpira, kwani zile tupu huteleza polepole chini na kuacha mkwaruzo. Kwa watoto, mfuko wa wavu uliotundikwa kwenye kulabu kando ya kila kitanda cha juu unatosha kwa tableti, kitabu na mwanasesere.

Mimi hutumia pia ule mfuko mrefu wa viatu wenye vijaluba vingi, unaoning'inizwa kwenye mlango wa bafu. Humo huingia kila kitu kidogo ambacho kingelala mezani.

MhudumuMstaafu

Ndugu Pwani, kuhusu kulabu nakubaliana nawe kabisa. Kuhusu mfuko wa viatu ningependa tahadhari iwepo, kwa sababu kuna kampuni zinazoukataza. Ndoano zake za chuma hukwangua rangi ya juu ya mlango, na mlango wa kuingilia chumbani ni mlango wa kuzuia moto, ambao unapaswa kujifunga wenyewe hadi mwisho na kubana pande zote. Unene wa ndoano unaweza kuuacha wazi kwa uwazi usioonekana kwa macho. Kwa mlango wa bafu au wa kabati, na kama kampuni inaruhusu, mimi sina pingamizi, lakini uwe wa kitambaa na ushikiliwe kwa kulabu hizohizo za sumaku.

MamaPacha

Nawashukuru sana, nyote. Nimekwisha kuwaandikia kampuni kuhusu mashine ya mama na friji ya dawa, na nimeondoa ekstensheni katika orodha ya mizigo.

Mume wangu anapendekeza tuongeze fedha tuhamie chumba chenye roshani, akisema kwamba roshani itatupatia mahali pa kuanika taulo na kuweka baadhi ya vitu. Je, ni hoja yenye uzito? Na kuhusu nguo rasmi, kuna njia ya kupunguza wingi wake bila kuonekana hatukujiandaa?

MhudumuMstaafu

Mama Pacha, roshani ichukueni kwa ajili ya hewa, mwanga na bahari, kama uwezo upo, maana kwa familia ya watoto ni neema ya kweli. Kwa ajili ya mizigo isiwe sababu. Hakuna kitu chochote kinachotakiwa kuhifadhiwa huko. Upepo wa meli inayotembea huchukua taulo kutoka kwenye kiti mara moja, na kitambaa kinachopeperuka huweza kutua kwenye roshani ya chini ambako huenda kuna kichungi cha sigara ambacho hakijazimika. Mnamo Machi 2006, meli ya Star Princess iliungua ikiwa baharini usiku kuelekea Jamaika. Moto ulianzia kwenye roshani, yumkini kwa sigara iliyotupwa, ukasambaa kwa viti na vitenganishi vya plastiki, na abiria mmoja akafariki kwa moshi. Baada ya hapo sheria za kimataifa za usalama wa meli zilibadilishwa, na vifaa vya roshani vikawekewa masharti ya kutowaka kwa urahisi. Taulo zenu na nguo za kuogelea zianikwe bafuni, ambako feni ya kutolea hewa hufanya kazi usiku na mchana na huzikausha mapema kuliko mnavyotarajia.

Mkilinganisha vyumba viwili vya bei inayokaribiana, angalieni alama kwenye mchoro wa sitaha. Kuna alama inayoonyesha vitanda vya tatu na vya nne, na nyingine inayoonyesha mlango wa kuunganisha vyumba viwili. Mlango huo hula ukuta ambao chumba jirani hutumia kwa rafu au kochi, na hupitisha sauti. Kama kingekuwepo chumba chenye mlango huo kikipakana na cha mama, ningesema kichukueni bila kusita, vinginevyo kiepukeni. Vyumba vya mbele kabisa vinaweza kuwa na ukuta ulioinama kufuata umbo la meli, na kabati humo hupungua kina. Vile vya katikati, na vya sitaha za chini, haviyumbi sana kama vingine, jambo ambalo watoto waliolala juu watalihisi.

Nguo rasmi ndizo zinazojaza reli, kwa hiyo swali lako ni la msingi. Kwanza someni ratiba, kwa kuwa usiku rasmi katika safari ya wiki mbili ni chache, na katika meli nyingi kuna ukumbi mwingine wa chakula usiodai mavazi hayo. Suti moja ya rangi iliyokoza na mashati mawili humtosha mume. Kwako, gauni moja na mitandio miwili tofauti. Watoto wa miaka saba hawadaiwi zaidi ya mavazi safi ya heshima. Ulizeni pia kama meli yenu ina chumba cha kufulia ambacho abiria hujihudumia. Kama kipo, hapo ndipo pasi ya meli ilipo, na mnaweza kubeba nguo za wiki moja badala ya mbili. Kama hakipo, kuna mfuko wa dobi kabatini pamoja na orodha ya bei, na katika safari ndefu baadhi ya kampuni hutoa bei ya mfuko mzima uliojaa, inayoafiki familia.

Siku ya kwanza vyumba huwa havijawa tayari hadi mchana, na masanduku huja baadaye zaidi. Katika mikoba ya mkononi wekeni, pamoja na dawa na hati za kusafiria, nguo za kuogelea za watoto na nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtu, ili mchana huo usipotee mkingoja mlangoni. Masanduku yakifika, yafungueni moja baada ya jingine juu ya kitanda, mkitandika kwanza taulo au shuka ya akiba chini yake kwa sababu ya magurudumu machafu, na sanduku moja likishakuwa tupu liende chini ya kitanda kabla la pili halijafunguliwa. Mkiyafungua yote manne kwa pamoja katika mita hizo 15, hakuna atakayepata pa kukanyaga. Usiku wa mwisho mtatakiwa kuyaweka nje ya mlango yakiwa na lebo, mara nyingi kabla ya saa sita usiku, nayo mtayakuta gatini asubuhi. Kabla hamjayatoa, hakikisheni kila mtu amebakiwa na viatu na nguo za kushukia, na kwamba sefu iko wazi na tupu.